Jina la Ugonjwa wa Darsono

Watu wa vijiji vinavyolizunguka ziwa la Rawa Pening, kisiwani Java, walipokuwa na binti wa kuoza, walikwenda kwa Darsono kabla hata ya kumwona mpishi. Walimuuliza ana nafasi siku gani, ndipo wakapanga harusi. Darsono alikuwa mshereheshaji, lakini si wa aina ya kupiga kelele kwenye kipaza sauti na kuwahimiza watu wacheze. Alisimama na kilemba chake cha batiki na jambia mgongoni, akawakaribisha wakwe, akawasifu wazazi, akawaombea maharusi, yote kwa Kijava cha juu. Maana Kijava kina ngazi: kuna maneno ya kumwambia mtoto na rafiki, na kuna maneno ya kumwambia mkubwa, na anayeyachanganya huonekana hakulelewa. Darsono hakuyachanganya hata siku moja. Na hata asipokuwa kazini alikuwa vile vile. Akikutana na mzee njiani alishuka kwenye pikipiki, akainamisha kichwa, akamjulia hali, ndipo akaendelea na safari. Watoto wa kijiji walimwigiza wakicheza, mmoja akiwa pikipiki na mwingine akiwa Darsono.

Mkewe, Wuryani, alitengeneza tempe, kitoweo cha soya. Alichemsha soya alfajiri, akazimenya, akazitia hamira yake, akazifunga kwenye majani ya mgomba na kuziacha mpaka zishikane, kisha akazipeleka sokoni. Mbele za watu hakuwa msemaji. "Ya nini," alikuwa akisema, "na mume wangu ana maneno ya kutosha nyumba mbili?" Mtoto wao wa pekee, Ratri, alikuwa kisiwani Batam akifanya kazi kiwandani, na alirudi Idi kwa Idi. Kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, wamependana kwa namna ya watu waliozoeana. Jioni Darsono akirudi, kabla hajavua viatu, alimuuliza mkewe, "Mgongo leo umesemaje?" Masufuria ya soya yalikuwa mazito, na mgongo wa Wuryani ulikuwa na vituko vyake.

Swali hilo ndilo lililopotea kwanza. Wuryani hakujua lilipotea lini hasa. Siku moja aligundua tu kwamba ni muda mrefu hajaulizwa. Kisha Darsono akaanza kupenda vitu vitamu, yeye ambaye miaka yote alikunywa chai isiyo na sukari. Alimaliza sukari ya jikoni kwa kijiko. Halafu ukaja msiba. Mama yake Wuryani alifariki wakati wa mvua kubwa, na walipokuwa wakipeleka jeneza makaburini, mmoja wa wabebaji akateleza kwenye tope akapiga goti. Watu wote wakashtuka. Darsono akacheka. Hakucheka chini chini kama mtu aliyeponyokwa na kicheko. Alicheka kwa sauti huku akinyoosha kidole, kama mtoto aliyeona kichekesho. Waliporudi nyumbani, dua haijaisha, alikuwa jikoni anakula vitafunio vya wageni.

Wuryani akamnunia. Juma zima hakumsemesha. Kilichomtia ubaridi baadaye hakikuwa kile kicheko, bali kwamba juma lilikwisha na Darsono hakuwa na habari kwamba amenuniwa.

Miezi kadhaa baada ya hapo ikafika harusi ya binti wa Hardiman. Hardiman alikuwa askari mstaafu, mzee wa kitongoji, mtu mwenye kifua mbele na tumbo mbele zaidi. Alikuwa amealika watu mpaka wa mjini Salatiga. Darsono alianza vizuri, sauti yake nzito ikitiririka, na wazee wakawa wanatikisa vichwa kwa raha. Katikati ya kuwasifu wazazi wa bibi harusi akanyamaza, akamtazama Hardiman kuanzia juu mpaka chini, akasema kwenye kipaza sauti, kwa Kijava cha kumwambia mtoto wa jirani:

"We, tumbo lote hilo umebeba nini? Hebu kaa chini, unawaziba watu."

Ukumbi ukazizima. Kisha watu wakacheka, wakidhani ni mtindo mpya. Hardiman hakucheka. Alikaa. Darsono akaweka kipaza sauti chini kama mtu aliyemaliza zamu, akapanda jukwaani kwa maharusi, akachukua kipande cha wajik, kitamu cha mchele wa kunata, kutoka kwenye sinia ambalo lilikuwa halijaombewa, akala akiwa amesimama, vidole vikinata sukari. Wuryani, aliyekuwa na wanawake wenzake upande wa jikoni, aliona yote kupitia mlangoni. Alitamani ardhi immeze.

Njiani kurudi alimuuliza, "Baba Ratri, umemwambia nini Mzee Hardiman?"

"Nimemwambia akae."

"Umemvunjia heshima mbele ya wakwe zake!"

"Ana tumbo kubwa." Akatembea kidogo. "Nyumbani kuna chakula?"

Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja tena kuuliza Darsono ana nafasi lini.

Kasiyem, dada yake mkubwa Darsono, alikaa kiwanja cha pili, na alikuwa mwanamke wa kuingia bila kubisha. Akaingia.

"Wifi, fungua macho," alisema huku akivuta kigoda. "Mwanamume wa miaka hamsini na nane habadiliki hivi bure. Ama kuna mwanamke, ama kuna mkono wa mtu."

"Mwanamke gani, Dada? Anarudi kabla ya magharibi kila siku."

"Na mchana anakwenda wapi? Umewahi kumfuata?"

Wuryani hakuwahi. Kesho yake akajitwisha kikapu kama anayekwenda kuuza, akamfuata. Darsono alipita darajani, akapita msikitini, akafika kituo cha mabasi, akageuka, akarudi kwa njia ile ile. Kisha akaanza upya. Siku ya pili hivyo hivyo, akikanyaga upande ule ule wa barabara, hamtazami mtu. Wuryani alisimama kwenye kona na kikapu chake, akajikuta amehuzunika kwamba hakuna mwanamke. Mwanamke angalau unamfuata kwake ukamwasha kibao, ukalia, yakaisha.

Kilichomwondolea shaka ni soya. Asubuhi moja, akimwaga maji ya moto, sufuria ilimponyoka na maji yakamwagikia mkono mpaka kwenye kiwiko. Alipiga ukelele uliowatoa majirani nje. Darsono alikuja mlangoni. Akamtazama mkewe aliyekuwa amekaa sakafuni ameshika mkono, akautazama ule mvuke, akasema, "Chai iko wapi?" Kisha akamruka, akaenda kujitafutia.

Kasiyem ndiye aliyempaka asali na kumfunga kitambaa. Alikuwa anamlaani kaka yake kwa sauti ya chini, kwamba amekuwa mnyama, amekuwa jiwe. Wuryani alimwacha amalize.

"Dada, kaka yako si jiwe. Ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini? Anakula kama ndovu, analala kama gogo, anatembea toka asubuhi."

"Sijui wa nini. Ndiyo nakwenda kujua."

Kasiyem alitaka waanze kwa mganga, na Wuryani akakubali ili kesho asije akaambiwa hakufanya hili wala lile. Walipanda mlima wakaenda kwa mzee mmoja aliyesifika kwa kutoa majini. Mzee akafukiza, akasoma, akamtazama Darsono machoni kwa muda mrefu. Darsono naye, wakati mzee amefumba macho, akachukua ndizi za sadaka akaanza kuzimenya. Mzee akafumbua macho, akazitazama ndizi zake, akapumua.

"Mrudisheni nyumbani," alisema. "Huyu hana jini. Jini lina adabu kuliko huyu."

Wuryani karibu acheke, lakini alilishika neno lile. Hata mganga amesema si jini. Imebaki hospitali.

Kwenye zahanati walimpima presha na sukari, wakashangaa jinsi alivyo mzima. Wakampeleka hospitali ya wilaya. Daktari wa huko alikuwa mtu mpole, na alisikiliza kidogo, lakini msururu wa wagonjwa ulikuwa mrefu nje ya mlango. Akamuuliza Darsono leo ni siku gani, mwezi gani, wako mji gani. Akamtajia vitu vitatu akamwambia avikumbuke, akavikumbuka vyote. Akamwambia ahesabu kurudi nyuma, akahesabu upesi kama anayekimbizwa. Mwisho Darsono akamwimbia ubeti wa Kijava wa harusini, neno kwa neno.

"Mama, mumeo hana ugonjwa wa kusahau," daktari alisema kwa tabasamu. "Kumbukumbu yake inaizidi yangu. Labda ana msongo. Kazi zimepungua, eh? Wanaume wakikosa kazi huwa hivi."

Akawapeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, aliyempa vidonge vya huzuni. Darsono akavimeza bila ubishi. Akazidi kulala, akazidi kunenepa, na alipoamka alikuwa ni yule yule.

Kasiyem akaja tena. Safari hii hakukaa.

"Wifi, inatosha. Kila siku unamkokota kaka yangu kwenye mabenchi ya hospitali, watu wanauliza. Wanasema Darsono amekuwa kichaa. Unajua hilo neno linavyoshika kwenye ukoo? Ratri hajaolewa!"

"Nataka kujua anaumwa nini."

"Madaktari wamekwambia haumwi! Wewe unataka nini, aumwe kwa nguvu?"

"Nataka kujua anaumwa nini, Dada."

"Basi nenda peke yako. Mimi simo."

Na pengine Wuryani naye angechoka, maana usiku alikuwa akilala akijiuliza kama Kasiyem ana haki, kama huenda mume wake amemchoka tu na yeye ndiye asiyetaka kukubali. Lakini yakatokea ya sokoni.

Gito aliuza wajik na vitamu vingine karibu na lango. Kwa miezi Darsono alikuwa akipita, anachukua kipande, anakwenda zake akila, na Gito alikuwa akimtumia Wuryani salamu za hasira, naye Wuryani akilipa na kuomba radhi. Siku hiyo Darsono alichukua sinia zima. Gito akaruka kutoka nyuma ya meza, akamkamata ukosi, akapiga kelele, "Mwizi!" Na neno hilo likishatoka sokoni, huwa halirudi. Wapakiaji wa mizigo wakaja mbio. Mmoja ambaye hakuwa mtu wa pale, wala hakumjua Darsono ni nani, alikuwa ameshika gongo. Darsono alisimama katikati yao akiendelea kutafuna, hana wasiwasi, anawatazama kama watu waliosimama kungoja basi.

Wuryani aliziacha tempe zake, akapenya katikati ya wanaume, akasimama mbele ya mumewe, amempa mgongo, amenyoosha mikono.

"Ukipiga, nipige mimi!"

"Mama, toka, huyu mwizi!"

"Ni mgonjwa!"

"Mgonjwa wa nini?" Gito alifoka. "Hebu utwambie! Una jina gani ugonjwa wake?"

Jina hilo Wuryani hakuwa nalo.

"Basi nakwambia mimi," Gito akasema, na watu wakaanza kucheka. "Ugonjwa wa wizi jina lake ni wizi."

Yule mwenye gongo akalishusha chini kwa sababu watu walikuwa wanacheka. Wuryani alimshika mumewe mkono akamtoa. Walipofika darajani alikuwa ameshaamua. Siku nyingine asingekuwepo. Siku nyingine wasingecheka.

Asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye benchi la zahanati kabla ya mfagiaji, Darsono kando yake na mfuko wa miwa iliyomenywa ili atulie. Daktari wa zahanati alikuwa kijana, na alipomwona alishika kichwa.

"Mama Ratri, mmeshakwenda hospitali. Wamempima mara mbili."

"Wamempima kama anasahau. Mimi sijasema anasahau, Daktari. Kila ninapokwenda nasema amebadilika, na kila ninapokwenda wanamuuliza leo ni Jumatano au Alhamisi." Sauti ilianza kumpanda, akaishusha. "Anajua ni Alhamisi. Asichojua ni kwamba mimi nimeungua."

Akakunja mkono wa blauzi akamwonyesha kovu. Daktari akalitazama, akamtazama Darsono aliyekuwa anatema makapi ya muwa sakafuni.

"Zamani angefanya hivyo? Kutema hivyo?"

"Baba Ratri? Zamani angekufa kwanza."

Kijana yule akavuta karatasi. "Sikudanganyi, Mama, mimi sijui ni kitu gani," alisema. "Lakini mjini Semarang yupo daktari wa ubongo, Dokta Hapsari. Nitawaandikia mwende kwake. Ila utangoja."

"Nimeshangoja. Naweza."

Alingoja mpaka msimu ukageuka. Kila wiki alipita zahanati kuuliza, mpaka wauguzi wakimwona kwa mbali wanamwambia, "Bado, Mama," kabla hajasalimu, na yeye akawaachia tempe na kuwaambia wiki ijayo atapita. Siku ilipopatikana, alikwenda kwanza kwa Kasiyem.

"Vaa, Dada. Twende Semarang."

"Nilikwambia simo."

"Ulisema. Lakini akisema hana kitu, nataka uwepo unicheke hapo hapo. Na akisema anacho, nataka usikie kwa masikio yako, usije ukasema Wuryani kamtungia mumewe maradhi."

Kasiyem alimtazama wifi yake, huyu mtengeneza tempe asiye na maneno, akaenda kuvaa.

Dokta Hapsari alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Aliwakalisha, akamuuliza Darsono yale yale ya siku na mwezi, na Darsono akajibu yote. Lakini daktari hakufunga faili. Alimpa Darsono muuguzi wa kukaa naye, akawaita wanawake wawili chumba cha pili, akafunga mlango.

"Sasa nielezeni," alisema. "Si amesahau nini. Alikuwa mtu gani, na sasa ni mtu gani?"

Wuryani hakuwahi kuulizwa hivyo. Alianza taratibu, kwa kushuka kwenye pikipiki. Akaenda kwenye sukari, kwenye barabara ile ile, kwenye harusi. Daktari alikuwa akiuliza katikati: alianza vitu vitamu kabla au baada? Akikuona unalia anafanyaje? Kasiyem, aliyekuja kucheka, ndiye aliyesimulia habari ya ndizi za mganga, na alipofika mwisho alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Waliporudi, daktari alimuuliza Darsono maswali ya aina nyingine.

"Mzee Darsono, ukimkuta mtoto mdogo amepotea sokoni analia, utafanya nini?"

"Nitapita."

"Na mkeo akiumia?"

Darsono alifikiri kweli kweli. "Atapika nani?" aliuliza.

Kasiyem akatazama dirishani.

Wakampiga picha ya ubongo kwenye ile mashine kama pango, na Wuryani ilibidi amwimbie kupitia mlangoni ili asitoke. Alasiri Dokta Hapsari akawawekea picha ukutani. Aliwaonyesha sehemu ya nyuma, akasema hii iko sawa. Akawaonyesha sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso. Hata mtu asiyesoma aliweza kuona: palikuwa pamesinyaa, na weusi umejaa mahali palipokuwa na nyama.

"Hii ni demensia, ugonjwa ambao watu huuita wa kusahau," alisema. "Ni ile ya sehemu ya mbele ya ubongo."

"Lakini hasahau," Kasiyem akasema.

"Hii haianzi na kusahau, Mama. Kusahau kutakuja mwishoni. Sehemu hii ya mbele ndiyo inayotuzuia kusema kila kinachotujia, ndiyo inayotufanya tuone aibu, tumwonee mwenzetu huruma. Kwake inakufa kidogo kidogo. Hafanyi makusudi. Hawezi kujizuia, na hajui kwamba hawezi."

"Atapona?"

"Hapana. Dawa ya kuponya haipo, wala ya kusimamisha. Baadaye hata maneno yataanza kumkimbia." Alisema bila kuzungukazunguka, lakini alikuwa ameushika mkono wa Kasiyem. "Kuna mambo ya kufanya ili akae salama, na wewe, Mama Ratri, usife kabla yake. Hayo nitakufundisha."

Wuryani aliitazama ile picha.

"Siku tuliyomzika mama yangu," alisema mwishowe, "alicheka. Ni huu?"

"Ni huu."

"Na nilipoungua?"

"Ni huu huu."

Hapo ndipo Wuryani alipolia. Hakuwa amelia siku ya harusi, wala sokoni, wala alipoungua. Alilia kwa sauti mbele ya daktari, kilio cha mtu aliyetua mzigo na papo hapo akatwishwa mwingine mzito zaidi, na Kasiyem akamkumbatia. Darsono aliwatazama wote wawili, kisha akamuuliza muuguzi kama pale hospitali kuna duka.

Ratri alipopigiwa simu alitaka kuacha kazi arudi siku hiyo hiyo. Mama yake akamkataza. "Utakuja Idi kama kawaida. Ukimkuta anakutukana, ujue ni nani anayekutukana, halafu umkate kucha. Basi."

Kisha Wuryani akafanya jambo ambalo watu wa kitongoji walilizungumza kuliko ugonjwa wenyewe. Wakaazi hukutana kila mwezi nyumbani kwa Hardiman, wanaume mbele, wanawake nyuma. Mambo ya mitaro na taka yalipokwisha, na Hardiman anataka kufunga, Wuryani akasimama. Aliomba ruhusa kwa Kijava cha juu, kile cha mumewe. Hakikumtoka vizuri. Mahali pawili alikosea, na wanawake waliomzunguka wakainamisha vichwa kwa kumwonea haya.

"Nimekuja kuwaambia jina la ugonjwa wa mume wangu," alisema.

Akawaambia. Alilitamka jina lote, akaeleza sehemu ya mbele ya ubongo kama alivyoelezwa, akiweka kiganja kwenye paji la uso wake. Akasema si jini, si kichaa cha kuambukiza, si mwanamke, wala si laana ya ukoo. Akasema hatapona. Akasema akichukua kitu dukani asipigwe, aitwe yeye. Akisema neno chafu, wasimjibu, wampe kitu kitamu apite. Alipomaliza hakukaa.

"Na wewe, Mzee Hardiman," alisema, "nakuomba radhi kwa niaba yake. Yule Darsono uliyemjua angekuomba mwenyewe, tena amepiga magoti."

Hardiman alikunja mikono juu ya tumbo. Watu wote walimtazama.

"Kwa hiyo hakunitukana," alisema.

"Mdomo ni wake, Mzee. Maneno ni ya ugonjwa."

Hardiman akalitazama tumbo lake kwa muda. "Lakini si uongo aliousema," akanung'unika, na mkewe aliyekuwa nyuma akawa wa kwanza kupasuka kwa kicheko. Nyumba nzima ikamfuata.

Si wote waliobadilika. Gito alizifungia wajik zake nyuma ya kioo na hakumsalimu Wuryani tena mpaka leo. Kuna mama mmoja aliyemwondoa mtoto wake kila Darsono alipopita. Lakini muuza mihogo ya sukari pale kituoni alikuwa akimtengea kipande, na wapakiaji wa mizigo, walipokwisha kujua ni nani, walimwita "Mzee wa Harusi" na kumrudisha upande wake wa barabara akipotoka. Kasiyem alichukua zamu ya asubuhi ili Wuryani aende sokoni. Alimpa kaka yake kazi ya kupangusa majani ya mgomba, maana Dokta Hapsari alisema apewe kitu kimoja cha kurudia rudia, na Darsono akayapangusa, jani baada ya jani, hata yaliyokwisha kung'aa. Siku nyingine alimwita dada yake mbuzi mzee. "Mbuzi ni wewe, pangusa," Kasiyem alimjibu, na kazi ikaendelea.

Mwaka wa tatu maneno yakaanza kumkimbia kama daktari alivyosema. Vitu vyote vikawa "hii". Wuryani alikuwa amejiandaa, na bado ilimuuma.

Ilikuwa katika kipindi hicho ambapo mwanamume mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa, mvuvi anayeitwa Rebo, alikuja akasimama uani, kofia mkononi. Mkewe, alisema, alikuwa mwalimu wa madrasa. Sasa anatukana watoto. Amechukua viatu vya watu msikitini akavitupa mtaroni. Watu wanasema mambo. Walikuwa wameshakwenda hospitali, wakaambiwa hana kitu.

"Walimuuliza leo ni siku gani?" Wuryani alimuuliza.

"Walimuuliza."

"Akajua?"

"Akajua."

Wuryani akanawa hamira mikononi, akamsogezea kigoda.

"Kaa, Bwana Rebo," alisema. "Usinieleze amesahau nini. Nieleze kwanza alikuwa mtu gani." Akamgeukia Kasiyem aliyekuwa mlangoni. "Dada, Jumatatu utakaa na Baba Ratri mpaka jioni? Nina safari ya Semarang."